Laki kwa mwimbaji, "asante bro" kwa hamali: mastaa wetu na bakshishi ya Malindi

Wikiendi yoyote ile, feri ikitoka Dar na kufunga kamba pale bandarini Malindi, katika ule msururu wa watu hakosi staa mmoja. Jina likae kabatini, kwa sababu si mmoja, wako wengi na wenyewe wanajijua. Miwani nyeusi hata kama jua limeshazama. Mabegi matatu, moja la viatu tupu. Simu juu, anajirekodi tangu kwenye ngazi ya boti: "Znz tumefika, mpooo?"

Mabegi yale hayagusi. Anayeyabeba ni hamali, mtu mzima wa kumzaa. Moja begani, moja mkononi, la tatu analiburura. Anapasua watu kutoka gatini, anatoka getini, anapita katikati ya madereva wanaoita abiria kama wako mnadani, anapakia kwenye buti. Jasho linamchuruzika mpaka machoni. Staa anaingia garini, anashusha kioo nusu: "Asante bro, Mungu akubariki." Kioo juu, gari hiyoo.

Usiku wa siku ile ile yupo harusini. Mwimbaji akikolea, staa anainuka, anacheza mdogo mdogo kwenda mbele, mkononi bunda la wekundu. Noti ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi. Laki nzima. Simu tatu zinamchukua. Asubuhi klipu iko mtandaoni na watu chini wanaandika: "Huyu mtoto ana roho jamani."

Roho gani hiyo inayowaka taa zikiwashwa tu?

Tuseme ukweli, mjini hapa kuna ugonjwa. Watu wanatoa sana pale wanapoonekana, na wanabana sana pale anapoona mbebaji peke yake. Na mbaya zaidi wameshajipa na falsafa: bakshishi ni mambo ya wazungu. Ukimuuliza kijana yeyote wa mjini anayejiona yuko juu kwa nini hakuacha hata buku mezani, atakwambia, "Sie hatuna utamaduni huo." Ni uongo, na uongo wenyewe mwepesi.

Neno letu, mila yetu

Hebu anza na neno lenyewe. Bakshishi, wazee wengine wanasema bahashishi, halikushuka na ndege ya watalii. Asili yake Uajemi, likasambaa kwa Waarabu, Waturuki na Wahindi, likaingia pwani hii kwa njia ile ile lilikoingia neno bandari na neno nahodha: kwa majahazi. Watu wa Malindi walikuwa wanalitumia kabla hata babu wa huyo staa hajazaliwa.

Na si neno tu. Mila za huku zimejaa malipo madogo ya heshima yasiyo kwenye bei. Fundi akimaliza kumfundisha mwanafunzi kazi, kuna kilemba. Bwana harusi akienda kwa mkewe, mlango haufunguki bure, kuna kifungua mlango, na akina somo pale wanajua kudai haki yao bila haya. Kwenye taarabu kuna kutunza. Hakuna mzungu aliyetuletea hayo. Watu wa pwani walishaelewa zamani kwamba kuna kazi ambayo bei yake haitoshi kusema ahsante yake, basi unaongeza kitu mkononi.

Taarabu yenyewe ndiyo ushahidi mkubwa. Kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na kwa miaka mingi watu walikiita Malindi tu, kwa jina la mtaa. Yaani mtaa ule ule ambao hamali anatoka kapa, ndio mtaa uliobeba jina la taarabu ambayo watu wamekuwa wakiitunza kwa zaidi ya miaka 100. Hakuna anayesema watu waache kutunza. Mwimbaji anafanya kazi, anakesha, koo lake ndilo duka lake. Mpeni. Lakini msituambie hamjui kutoa. Kutoa mnajua, mnachochagua ni nani awaone.

Na hapo ndipo tofauti ilipo. Harusini ukienda mbele na noti, macho mia yanakutazama na jina lako linatajwa. Bandarini ukimpa hamali buku mbili, anayeona ni yeye na Mola wake. Sasa mtu anayejiita Muislamu safi, anayeposti aya kila Ijumaa, anajua kabisa mafundisho ya dini yake yanasemaje kuhusu kutoa kwa siri na kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Anayajua, anayashea, ila akifika getini Malindi anayasahau.

Hesabu haina urafiki

Wengine wanasema buku mbili itamsaidia nini mtu? Basi tupige hesabu.

Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma hadi shilingi 347,000 kwa mwezi. Chukua hiyo kama kipimo tu cha mtu wa chini. Igawe kwa siku 26 za kazi, unapata kama 13,300 kwa siku. Hiyo ndiyo siku nzima ya mtu mwenye ajira, mwenye barua, mwenye uhakika wa tarehe.

Sasa hamali hana barua. Hana tarehe. Boti ikichelewa, anachelewa nayo. Bahari ikichafuka, abiria wakipungua, naye anapungua. Lakini watu saba tu kwenye boti moja wakimwachia buku mbili mbili juu ya bei ya mzigo, hiyo ni 14,000. Umeshampa siku nzima ya mtu mwenye ajira. Watu saba! Boti moja inashusha mamia.

Buku mbili kwako ni nusu ya juisi ile unayoipiga picha halafu unaiacha inayeyuka. Kwake yeye ni nauli ya daladala na mkate wa asubuhi wa watoto. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa shule. Shida ni kwamba kila mmoja anasubiri mwenzake ndiye aanze na haba.

Visingizio, kimoja kimoja

"Kwani halipwi?" Anayeuliza hivi ni yule mwenye kulala hoteli ya dola mia kadhaa anayelipiwa na kampuni ya simu. Analipwa, ndio, wengine. Lakini kulipwa hakuzuii kushukuriwa. Wewe mwenyewe unalipwa kwa tangazo na bado unadai mabegi ya zawadi mlangoni, na usipopewa unaposti mafumbo siku tatu.

"Bei yenyewe ishakuwa kubwa." Ni kweli, chakula cha mjini hapa kwenye zile sehemu za juu ya mapaa si cha mchezo. Lakini ile bei kubwa haiendi kwa dada aliyepanda ngazi nne na sahani zako sita mkononi. Inakwenda kwa mwenye jengo. Ukimwadhibu dada kwa sababu ya bei ya bosi, umempiga punda badala ya mwenye punda.

"Wenyewe wabaguzi, wanakimbilia wazungu." Hapa pana ukweli na usizikwe. Mswahili akikaa mezani anaweza kusubiri menyu mpaka akasinzia, huku meza ya pembeni wageni wameshaletewa maji, mkate na tabasamu. Inauma, na mhudumu anayefanya hivyo anakosea. Ila jiulize kajifunza wapi. Amehudumia meza hamsini za watu wa nyumbani akaambulia "poa mwanangu", akahudumia meza tano za wageni akapata nauli ya wiki. Tumbo ni mwalimu mkali. Siku Waswahili wakianza kuacha kitu mezani, utaona hilo tabasamu linavyohamia upande wa pili wa ukumbi.

"Ntakutagi." Hichi ndicho kisingizio kipya na ndicho cha aibu kuliko vyote. Msusi kakaa na kichwa chako saa sita, vidole vimevimba, unamwambia utamtagi. Mchora hina kakuchora mikono na miguu mpaka magotini, unamwambia una wafuasi laki tatu. Nahodha kakupeleka Changuu ukapigwe picha na kobe, kakusubiri, kakurudisha, kakupiga picha yeye mwenyewe mara arubaini kwa sababu pembe hukuipenda, halafu unamwambia "utapata wateja". Wafuasi hawapikwi. Duka la Darajani halipokei tagi kwa kilo ya mchele. Kama tagi lako ni pesa, lipa nalo kodi ya nyumba yako tuone.

"Sina keshi, nina simu tu." Sawa, dunia imebadilika, watu wanalipa kwa simu na kadi. Lakini sikiliza jambo ambalo wengi hawajui au wanajifanya hawajui. Ukilipa kwa ile Lipa Namba ya mgahawa na ukaongeza "na hii ya mhudumu", hela yote imeingia kwenye akaunti ya biashara. Imekwenda kwa bosi. Aipeleke kwa mhudumu au asiipeleke ni imani yake. Kama huna noti, muulize mhudumu namba yake mwenyewe, umrushie. Ni dakika moja. Simu ile ile inayotuma hela kwa mwimbaji wa harusi inajua pia kutuma kwa mtu wa kawaida.

Na kuna wale wa methali: "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri." Methali nzuri, lakini watu wanaishika kichwa chini miguu juu. Methali inasema hata maskini anaweza kutoa. Haisemi tajiri anaruhusiwa kubana kwa sababu moyo wake leo haujisikii.

Mabosi msijifiche nyuma ya sanduku

Sasa kabla wenye mahoteli hawajaanza kupiga makofi, wakae chini na wao. Kwa sababu kuna uovu mwingine ambao ni mkubwa kuliko ubahili wa staa: bosi anayelipa mshahara wa kusikitisha halafu anamwambia mfanyakazi, "Utajazia kwa tipu."

Mchezo huo una historia na historia yake ni chafu. Marekani, baada ya utumwa kukomeshwa, kampuni ya Pullman iliyokuwa na mabehewa ya kulala kwenye treni iliajiri maelfu ya wanaume weusi kuwa wahudumu, wengi wakiwa wametoka utumwani juzi tu. Mshahara ukawekwa chini makusudi, abiria wajazie. Mtu ikabidi acheke hata akitukanwa, kwa sababu chakula cha watoto wake kipo kwenye mfuko wa anayemtukana. Wahudumu wale walichoka. Mwaka 1925 wakaunda chama chao chini ya A. Philip Randolph, na mwaka 1937 wakaibana kampuni mpaka ikasaini mkataba nao. Walichokuwa wanadai ni mshahara, wala si bakshishi kubwa zaidi.

Kabla ya hapo baadhi ya majimbo ya Marekani yalijaribu hata kupiga marufuku bakshishi kwa sheria, la kwanza Washington mwaka 1909. Hazikudumu. Leo sheria ya nchi nzima kule bado inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepata bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, na kiwango hicho hakijasogea tangu 1991. Ndiyo maana Mmarekani akikuachia asilimia 15 au 20 mezani usidhani ni malaika. Kwao ile si ziada, ile ndiyo mshahara wenyewe, umehamishwa kutoka mfuko wa bosi kwenda mfuko wa mteja. Ukienda Japani mambo ni kinyume: bakshishi si desturi, na ukiacha hela mezani wanaweza kukukimbilia nje wakudhani umesahau. Na huduma yao bado inasifiwa dunia nzima. Kwa hiyo hoja ya kwamba bila tipu mtu hafanyi kazi vizuri, haina miguu.

Na wala hatuhitaji kwenda Marekani kutafuta mfano. Hapa hapa bandarini Unguja, Agosti 1948, wafanyakazi wa gatini waligoma. Maisha yalikuwa ghali, ujira haufiki popote. Mgomo ulianza kwa wabeba mizigo ukaenea mjini mpaka ukawa mgomo wa watu wote, mji ukasimama. Wale wazee hawakuomba abiria wawe na huruma. Walidai ujira. Na walijua kitu ambacho mabosi wa leo wanataka tukisahau: huwezi kupanga maisha kwa kutegemea roho nzuri ya mpita njia.

Kwa sababu roho nzuri ina msimu. Wageni waliokuja Zanzibar mwaka 2024 walizidi 700,000, kwenye visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 1.89. Biashara ipo. Lakini masika yakianza mwezi wa tatu, mahoteli mengine yanafunga milango, na tipu inafungwa nayo. Mwaka 2020 ndege za watalii ziliposita kwa ajili ya korona, mfanyakazi aliyekuwa na mshahara wa maana aliyumba, lakini yule wa kujazia kwa tipu alianguka kabisa. Mwenye nyumba haji kudai kodi kwa misimu.

Kisha kuna lile sanduku. Mgahawa unaweka kisanduku kizuri kaunta, kimeandikwa maneno matamu, mgeni anatumbukiza. Nani ana ufunguo? Nani anahesabu? Mpishi aliyeko jikoni kwenye moshi anapata? Kijana wa kuosha vyombo anapata? Kama hesabu haifanywi mbele ya wafanyakazi wote, hicho si kisanduku cha bakshishi, ni mfuko wa pili wa bosi. Basi nyinyi wenye mahali, lipeni kwanza. Bakshishi iwe sukari kwenye chai, isiwe ndiyo chai.

Sasa ngapi?

Wengi hawatoi si kwa roho mbaya, hawajui tu kiasi. Wanaogopa kutoa kidogo wakachekwa au kutoa kingi wakaonekana wajinga. Basi hiki hapa kipimo cha mtu wa kawaida wa mjini. Mastaa wazidishe mara tatu, ndivyo wanavyozidisha bei zao.

*Hamali wa bandarini.* Kwanza mpatane bei kabla begi halijanyanyuka. Hiyo ni haki yako na yake. Hiyo bei si bakshishi, ni ujira. Akifika salama bila kukukimbiza wala kukutupia mzigo, muongeze buku moja mpaka mbili. Kama begi limejaa vyombo vya harusi, buku tano wala usione uchungu. Na msalimie kwanza. Mtu mzima haitwi "bro". Anaitwa mzee, anaitwa ami.

*Mgahawani.* Chai na chapati mtaani, hakuna mtu anayekudai kitu, ukimwachia chenji ya jero au buku inatosha na atakukumbuka. Mgahawa wa kukaa, asilimia 10 ya bili ni heshima: bili ya 40,000, acha 4,000. Lakini soma risiti kwanza. Kama wameshaongeza malipo ya huduma, uliza yanakwenda kwa nani, kisha uamue.

*Forodhani.* Jamaa wa mishikaki na urojo ni mwenye biashara, bei kaipanga mwenyewe, faida yake. Hapo bakshishi si lazima. Kijana anayekufuatia kiti, kukuletea sahani na kukufutia meza ndiye wa kukumbukwa, buku moja inamtosha.

*Hotelini.* Anayesahauliwa kuliko wote ni msafisha chumba, kwa sababu humuoni. Anakuja ukiwa ufukweni, anakuta mchanga kitandani, vipodozi kwenye mashuka, nywele kwenye sinki. Mwachie buku mbili mpaka tano kwa kila usiku, na uache kila asubuhi, usisubiri siku ya kuondoka, maana zamu hubadilika na aliyefanya kazi ngumu siku ya kwanza huenda siku ya mwisho yuko nyumbani. Weka juu ya mto na karatasi ya ahsante, ajue si hela iliyosahauliwa.

*Dereva wa teksi na boda.* Mkishapatana bei, hakuna deni. Lakini boda aliyekusubiri mvuani, au dereva aliyekuzungusha sehemu nne ukitafuta kilemba cha bwana harusi, usimdai chenji ya buku.

*Saluni, kinyozi, msusi, hina.* Nusu nzima ya uzuri wako ni mikono yao. Kinyozi, jero mpaka buku. Msusi aliyekukalisha toka asubuhi mpaka magharibi, buku tano. Mchora hina wa biharusi, zaidi ya hapo, na harusi zetu zinajua.

*Mtembeza wageni na nahodha.* Kama siku nzima kawatembeza kundi, kila mtu achangie buku tano mpaka kumi. Msisahau baharia wa nyuma, yule anayevuta nanga na kuwashika mkono mkipanda. Nahodha huonekana, baharia hulowa.

Pale usipotoe hata senti

Bakshishi hutolewa baada ya kazi, kwa hiari, kwa mtu aliyekufanyia zaidi. Ikidaiwa kabla, au ikidaiwa ili upewe haki yako, hiyo ina jina jingine na jina lake ni rushwa. Askari aliyekusimamisha barabarani na kuanza kusifia shati lako hatafuti bakshishi. Karani anayesema faili lako limepotea mpaka apate "chai" hatafuti bakshishi. Usichanganye, na usimzoeshe. Mtu yule yule anayembania hamali buku mbili utamkuta anamtolea askari kumi bila kupepesa macho. Kwa nini? Kwa sababu askari anaweza kumsumbua, hamali hawezi.

Na papasi anayekurukia, anakunyang'anya begi mkononi, anakupeleka hoteli usiyoitaka halafu anapiga kelele alipwe, naye hana dai. Jina lenyewe la papasi linatosha kueleza namna alivyokukamata. Kumkatalia huyo si ubahili. Ubahili ni kumtumia huyo kama kisingizio cha kumnyima aliyefanya kazi yake kwa adabu.

Na namna ya kutoa

Mkono wa kulia. Noti safi, isiwe ile iliyochanika uliyoshindwa kuitumia dukani. Mtazame usoni, mwambie ahsante kwa jina lake kama umelijua. Usimrushie. Usimpe huku simu imemwelekea, ukimwambia "sema kitu kwa mashabiki". Mtu aliyepata ujira wake hadaiwi machozi wala dua ya kwenye kamera. Zile klipu za mtu maskini kupewa noti ya elfu kumi halafu anapigishwa magoti kwa shukrani, kisha klipu inavuna maelfu ya watazamaji na tangazo juu, hebu tuulizane: hapo nani kamlipa nani?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hizi wanakuja wageni, wanakuja na wa nyumbani waliojifanya wageni, na mwenyeji bado haponi. Bosi anasema tipu itajazia. Staa anasema mshahara upo. Kila mmoja anamsukumia mwenzake, na katikati pale kuna mtu amesimama na mabegi matatu.

Basi mastaa, na nyinyi mnaowaiga mastaa, boti ya kesho inafika tena Malindi. Harusi itakuja na mwimbaji atatunzwa, hilo halina wasiwasi. Lakini toeni ile noti ya kwanza getini, mapema, kabla simu hazijawashwa. Na ukiwa huna buku mbili ya kumpa hamali, wallahi begi lako lina magurudumu. Liburure mwenyewe.